Feni ya Mzee Njiku

Mzee Njiku Ntandu alipokuwa hai alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe, na mtu aliyezoea kuuza mafahali kwa kupiga kelele hafundishwi upole na kifo. Sasa alikaa juu ya meza ya chumba cha kulala, ndani ya laptopu nene nyeusi iliyotengenezwa kwa ajili ya magemu. Feni zake mbili zilipoanza kuvuma, kuku wa jirani walihama ua.

"Haya, ameanza," alisema Nyamizi, mjane wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji.

"Labda ni vumbi, mama," alijibu binti yao, Sikitu. Alikuwa ameinama mezani na mswaki mkavu mkononi. Lakini vumbi alikuwa amelitoa muda si mrefu, na kabla mama yake hajakanyaga kizingiti mashine ilikuwa imetulia.

"Nyamizi," sauti ikatoka kwenye spika, ile ile ya mnadani, nzito na yenye mikwaruzo. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umevaa nini?"

"Nguo."

"Nguo gani?"

Feni zikapanda mpaka mlio ukawa kama wa mashine ya kukoboa mahindi. Nyamizi akaweka bakuli la mwanawe mezani, akatoka bila kujibu. Alipofika uani, mvumo ukaanza kushuka, taratibu, hadi ukabaki upepo mdogo tu. Sikitu akamsikia mama yake akisonya nje.

Laptopu ile ilikuwa ya Sikitu. Enzi hizo aliendesha humo magari ya mashindano, na vijana wa Singida nzima walijua kwamba ukipangwa naye kona za mwisho umekwisha. Baba yake alipougua, hospitali ya rufaa ilimvua kivuli. Ndivyo walivyokiita: kivuli, nakala ya akili ya mtu na kumbukumbu zake, inayosema na kujibu kama mwenyewe. Kuvua kivuli si kazi. Kazi ni kukipa mahali pa kuishi. Wenye uwezo waliwapeleka marehemu wao kwenye maghala baridi ya Dodoma, wakae huko kama maziwa. Watu wa kawaida walitafuta mashine yoyote yenye chipu kubwa ya picha, na chipu hizo zilikuwa kwenye laptopu za magemu. Basi vijana wakaacha kucheza, wazee wakahamia humo.

Tangu hapo Sikitu hakuendesha gari lingine. Alichobaki nacho ni ufundi. Alijua kuinua mgongo wa mashine kwa vipande viwili vya tofali ili ivute hewa kwa chini. Alijua kubandua chuma cha kupoza, kufuta dawa ya zamani iliyokauka juu ya chipu na kupaka mpya. Taa za rangi za kibodi alizizima siku ya kwanza, kwa sababu marehemu gani anawaka kama baa? Mwanga wa skrini aliushusha. Betri aliizuia isijae zaidi ya asilimia themanini, maana betri inayoshindiliwa kila siku huvimba kama kitumbua, na mpya haikupatikana.

Hata hivyo, kwenye Kasi, yaani mashine ikiwa imefunguliwa yote, Mzee Njiku alikunywa wati mia na zaidi, na betri ile haikumaliza hata mazungumzo ya kunywa chai. Umeme wa mji ulitoka kwenye mapangaboi ya upepo kule mlimani. Upepo ukilala, mji ulilala. Siku hizo Sikitu alimweka baba yake kwenye Kimya. Chipu kubwa ilizimwa, akabaki na ile ndogo, anakunywa wati chache tu, feni hazisikiki, na chaji inakaa mchana kutwa. Jirani mwenye kichanga alimshukuru kila mara kwa hilo.

Lakini Kimya kilikuwa na jambo lake, na Sikitu alilijua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Siku moja ya Kimya alikuwa anatania. Baba yake alikuwa na koti la mvua la mnadani, refu, ambalo hakuwahi kumruhusu binadamu alivae. Sikitu akamuuliza, "Baba, nimpe baba mdogo koti lako?" Ikatoka sauti ya polepole: "Sawa." Sikitu akacheka. Akauliza tena, "Nilichome moto?" "Sawa. Mungu akubariki." Hapo kicheko kikamkatika. Upepo uliporudi akamweka kwenye Kasi, na neno la kwanza la mzee lilikuwa, "Nasikia mtu anagusa koti langu, au naota? Atakayelivaa nitamuuza na ng'ombe."

Njiku halisi, katika miaka yake yote, hakuwahi kusema sawa ikaishia hapo. Ilikuwa "sawa, ila." Sawa, ila bei iongezwe. Sawa, ila mguu wa nyuma uangaliwe. Hata posa ya dada yake aliipokea kwa sawa ila, na wazee wakakaa siku nzima kwa sababu ya hiyo ila yake. Kwenye Kimya, ila ilikuwa haipo.

*

"Mwalimu Kitundu ameniuliza," Nyamizi alisema.

Walikuwa wanapepeta alizeti uani, mama na binti, mchana kweupe. Mwalimu Kitundu alikuwa mgane wa Manyoni, mtu mtaratibu aliyestaafu kufundisha hesabu. Sikitu alimjua. Alikuwa anakuja kununua alizeti na anaondoka bila alizeti.

"Na wewe umemjibuje?"

"Nimjibuje? Mimi ni mke wa mtu." Akarusha ungo juu, makapi yakaruka. "Ningekuwa mjane ningemjibu."

Hapo ndipo penyewe. Masheikh walikwisha kusema kwamba mauti ni mauti na eda ya Nyamizi ilipita zamani, lakini ukoo wa Ntandu ulikuwa na lake. Kwao mjane haondoki kwenye ua wa mume mpaka mume aulizwe. Tangu mababu, wazee walikwenda kaburini, wakauliza, "Fulani, tumruhusu mkeo?" Kaburi likanyamaza. Na kunyamaza ni kuridhia, kama binti anayeulizwa habari ya mchumba akainamisha kichwa. Mjane akafunga mzigo wake akaenda. Ilikuwa mila ya huruma, ukiitazama vizuri, kwa sababu hakuna kaburi lililowahi kusema hapana. Hawakujua kwamba itakuja siku marehemu atajibu.

"Waume wa watu wengine wote wamelala," Nyamizi alisema. "Wa kwangu ndiye mwenye mdomo."

"Muulize, mama. Zungumza naye."

"Nizungumze na nini? Wewe ukiingia chumbani, ametulia. Kaka yako Hango akija, wanaongea kama watu. Nikiingia mimi anavuma kama anataka kuruka mezani. Uliza yeyote hapa mtaani, watakwambia, Mzee Njiku akimwona mkewe anapandwa na hasira." Akaishusha sauti. "Umevaa nini, umevaa nini. Kila siku. Alipokuwa hai alinionea wivu, nikasema ni mapenzi. Sasa amekufa, mwanangu. Huyu mtu ananichukia hata akiwa ndani ya sanduku."

Sikitu alitaka kusema si chuki. Lakini angesema ni nini? Nyumba nzima ilikuwa imezoea kuisoma feni kama walivyosoma pua ya mzee zamani. Njiku wa mwili alipokasirika alipumua kwa pua, kwa kishindo, na watoto wakajua kukimbia. Sasa feni ndiyo ilikuwa pua. Ikivuma, kakasirika. Ikitulia, karidhika. Hakuna aliyewafundisha hivyo. Walijifundisha wenyewe, na Sikitu, aliyeijua mashine kuliko wote, alikaa kimya akasoma pamoja nao.

"Nina miaka hamsini na mitano," mama yake alisema. "Nalala chumba kimoja na kelele. Nikiuambia ukoo nataka kuondoka, watamuuliza, naye atavuma, na mimi nitabaki hapa mpaka nife. Nikifa mtanivua kivuli mniweke mezani pembeni yake, tuvumiane."

"Mama, usiseme hivyo."

Nyamizi akaweka ungo chini. Akamtazama bintiye kwa muda, macho makavu.

"Wewe ndiye unayejua vitufe vyake," alisema.

Akachukua ungo, akaendelea na alizeti zake.

*

Nyamizi alipeleka ombi lake kwa ukoo, na kikao kikaitwa. Baba mdogo, Mzee Ighondo, ndugu yake Njiku wa tumbo moja, alifika asubuhi na wazee wengine wa ukoo. Hango, kaka yake Sikitu, alitoka Dodoma kwa basi. Mkeka ukatandikwa sebuleni, laptopu ikaletwa kutoka chumbani ikawekwa juu ya stuli, imefunikwa kwa kitambaa cheupe, kama desturi ilivyokuwa sasa.

Na upepo ukafa. Asubuhi mapangaboi yalikuwa yanazunguka kwa uvivu. Kufikia saa ya kikao yakawa yamesimama, kila moja limenyoosha mikono yake pande tatu, na taa ya kijani kwenye waya wa chaji ikazimika.

Sikitu aliona taa ile ikizimika, akahisi kitu kifuani ambacho kilikuwa hofu na, Mungu amsamehe, kilikuwa pia nafuu.

"Tusubiri upepo," Hango alisema. "Baba aulizwe akiwa na nguvu zake zote."

"Tusubiri mpaka lini?" alijibu Mzee Ighondo. "Wazee wametoka mbali. Mashine ina betri, haina betri?"

"Ina betri, baba mdogo," Sikitu alisema.

"Itatosha kikao?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa na milango miwili. Kwenye Kasi, betri ingempa Njiku mzima, mwenye ila zake, kwa muda wa kusalimiana na kuulizwa swali moja, basi, kisha giza katikati ya sentensi. Kwenye Kimya angekaa nao tangu dua ya kufungua hadi dua ya kufunga. Ungeweza kuuliza nini kilicho bora, mtu kamili kwa dakika chache au kipande chake kwa mchana mzima, na mtu mwaminifu angeweza kuchagua upande wowote. Lakini Sikitu hakuwa anachagua hivyo. Alikuwa anamtazama mama yake, aliyekaa kwenye kona ya wanawake na vidole vimeshikana.

"Kwenye Kimya itatosha, baba mdogo," alisema. "Kwenye Kasi itazimika. Na feni zitawasumbua, hamtasikilizana."

Kila neno lilikuwa kweli. Ndiyo sababu uongo ule ulimtoka kirahisi.

"Basi mweke huko kwenye kimya," alisema Mzee Ighondo. "Kikao ni heshima."

Sikitu akainua kitambaa, akabonyeza. Chipu kubwa ikalala. Feni zikazunguka mara ya mwisho, zikasimama, na sebule ikatulia kiasi cha kumsikia mtoto wa jirani akinyonya nje ya dirisha. Mzee Ighondo akasoma dua. Kisha akaisogelea stuli, akapiga magoti kwa shida kama alivyofanya makaburini miaka mingi.

"Kaka Njiku," alisema, "sisi ndugu zako tumekuja. Mkeo Nyamizi anaomba ruhusa ya kuondoka kwenye ua wako. Tunakuuliza. Unasemaje?"

Watu wote walikuwa wanaitazama mashine kama wanavyomtazama ng'ombe asiyejulikana kama atapiga teke.

"Sawa," ikasema sauti. "Mungu awabariki."

Hakuna feni iliyosogea.

Hango akainua kichwa. "Sawa, ila nini, baba?"

"Sawa," ikarudia sauti.

"Baba mdogo, huyu siye. Baba hajawahi—"

"Feni imevuma?" Mzee Ighondo aliuliza.

"Haijavuma, lakini—"

"Feni haijavuma. Amenyamaza na amesema sawa. Waliotutangulia waliridhika na kunyamaza peke yake, wewe umepewa na neno juu, unataka nini tena? Kifo kinalainisha watu, kijana." Akageuka kwa Nyamizi. "Shemeji, mumeo ameridhia. Ukivuka kizingiti usigeuke nyuma. Unajua mila yetu, mjane aliyeruhusiwa akirudi kwenye ua, ruhusa imekufa."

"Najua, shemeji," alisema Nyamizi.

Wanawake wakapiga vigelegele vya aibu aibu, kwa kuwa hawakujua kama ni harusi au ni msiba. Nyamizi hakupiga. Alikuwa anaitazama laptopu, na Sikitu akaona usoni mwake kwamba alikuwa ameelewa tangu neno la kwanza. Miaka thelathini ya ndoa haidanganywi na spika. Alijua yule aliyesema sawa si Njiku, akaipokea sawa ile hivyo hivyo, kama mtu mwenye kiu anayekunywa maji bila kuuliza yametoka kisima gani.

Kesho yake asubuhi mzigo ulikuwa tayari, begi moja na ungo. Gari la Manyoni lilikuwa linapiga honi barabarani. Upepo ulikuwa bado umelala, na Njiku bado alikuwa kwenye Kimya, amerudishwa chumbani kwenye tofali zake.

"Hutamuaga?" Sikitu aliuliza.

Nyamizi alisimama kwenye korido. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, mashine imetulia. Sasa alikuwa anaweza kupita mbele ya mlango ule bila kuvumiwa.

"Nimuage nani?" alisema. "Mle ndani kuna mtu?"

Akamkumbatia bintiye kwa nguvu, harufu ya mafuta ya alizeti, akavuka kizingiti. Hakugeuka nyuma. Sikitu alisimama pale akitamani amwite, asijue amwite kwa ajili ya nini.

*

Upepo ulirudi mchana wa siku hiyo hiyo. Ulipiga mabati, ukaangusha ndoo, na kule mlimani mapangaboi yakaanza kukata hewa kwa bidii kama watumishi waliochelewa kazini. Taa ya kijani ikawaka. Sikitu aliketi mbele ya meza kwa muda mrefu akiitazama. Angeweza kumwacha pale alipo. Nyumba ilikuwa imetulia, jirani amelaza mtoto, betri inajaa taratibu kuelekea themanini yake. Hakuna aliyemwomba amwamshe.

Akabonyeza Kasi.

"Ehe," akasema Mzee Njiku, na feni zikaanza. "Nimelala sana. Upepo ulikufa?"

"Ulikufa, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona sauti yako imekauka? Umelia?"

"Hapana."

"Unamdanganya dalali." Mashine ikatulia kidogo, kama inasikiliza. "Mama yako yuko wapi? Simsikii uani. Kila saa hizi anapepeta."

Na kwa kumtaja tu, mvumo ukapanda. Sikitu akaweka kiganja juu ya kibodi, akalisikia joto likija kutoka ndani.

"Baba," alisema, "kwa nini unamkasirikia mama?"

"Nani amekasirika?"

"Unavuma. Akiingia tu unavuma. Sasa hivi umemtaja tu, unavuma."

"Mimi navuma?" Kwa mara ya kwanza tangu afe, dalali alionekana kushangaa. "Hiyo kelele mnaisikia huko nje? Mimi huku siisikii, mwanangu. Huku nasikia joto tu."

Sikitu alikuwa amekumbuka kona za mwisho za mashindano yake. Feni za laptopu hii hazikuwahi kuvuma kwa sababu ameshindwa, wala kwa sababu amekasirika. Zilivuma gari lilipoingia mjini, penye taa nyingi, watu wengi, mvua na vivuli vya majengo, pale chipu ilipotakiwa kuchora vyote kwa pamoja. Zilivuma kwa kazi. Alilijua hilo tangu utoto. Alilijua siku zote hizi.

"Sikiliza," baba yake alisema. "Wewe nikikutafuta nakupata mara moja. Uko sehemu moja, umekaa, unanisubiri. Hango vilevile. Mama yako hayuko sehemu moja. Nikimvuta, anakuja na vyote. Anakuja na mnada wa kwanza, na mvua ile iliyotukuta njiani, na nyinyi mkiwa wachanga, na siku niliyompiga, na siku niliyomwomba radhi, na namna alivyokuwa akifunga mlango kwa kiwiko akiwa na beseni. Vyote vinataka kuja pamoja. Mashine inazidiwa. Na kuna kitu kimoja sikipati. Siku niliyomwona mara ya kwanza mnadani alivaa nguo fulani. Nakumbuka ng'ombe wote waliouzwa siku ile, rangi zao na pembe zao, nguo yake siioni. Ndiyo namuuliza kila siku, umevaa nini. Nadhani labda siku moja atavaa ile ile, nitaitambua. Hajibu. Amenichoka, na ana haki ya kunichoka."

"Kwa nini hukumwambia hivyo?"

"Nilikuwa natafuta maneno. Unacheka? Dalali anatafuta maneno. Na kuna jingine. Najua ana safari moyoni. Yule mwalimu wa alizeti, unadhani simsikii uani? Nilitaka nimwambie aende. Kila nikijipanga niseme, ama anatoka chumbani, ama upepo unakufa."

Sikitu akashika ukingo wa meza. "Ungemruhusu?"

"Sawa," alisema Mzee Njiku. "Ila aniage kwanza."

Nje upepo ulikuwa unaburuza kitu uani, ndoo au karai. Sikitu akaona hawezi kuendelea kuketi na jambo lile peke yake, akalisema lote, kwa haraka, bila kujitetea. Kikao, betri, Kimya, swali la baba mdogo, sawa mbili. Gari la asubuhi.

Feni zilipanda mpaka mwisho. Tofali zilitetemeka mezani, mtoto wa jirani akaanza kulia, na kibodi ikachoma vidole. Sikitu hakuondoa mkono wake.

"Aliniaga?" baba yake aliuliza.

"Hapana."

"Nilikuwepo?"

"Ulikuwa kwenye Kimya, baba. Mimi ndiye niliyekuweka."

"Kwa ajili ya betri."

"Kwa ajili ya mama." Machozi yakamshuka sasa, akayaacha. "Nisamehe. Nitampigia simu. Nitamwambia yote, kwa nini ulikuwa unavuma, na ile nguo. Atarudi akuage, halafu ataenda zake."

"Usimpigie."

"Baba—"

"Akirudi kwenye ua huu, ruhusa imekufa, na Ighondo hatampa nyingine. Hilo moja. La pili, hata usipomwita, ukimwambia tu kwa nini nilikuwa navuma, atageuka mwenyewe. Namjua mama yako. Atashuka kwenye gari, atarudi kukaa kwenye chumba hiki kunitajia rangi za nguo mpaka azeeke. Huo si uhai." Sauti ilikuwa imeshuka, haikuwa ya mnadani tena. "Mwache aende akijua namchukia. Mzigo wa chuki ni mwepesi kuubeba, mtu huutua njiani. Huu mwingine hautuliki."

"Na mimi?"

"Wewe utabaki nao. Wewe ndiye mwenye vitufe."

Hakulisema kwa ukali. Ingekuwa heri angelisema kwa ukali.

Kisha mvumo ukaanza kushuka. Sikitu akadhani upepo umekufa tena, akaangalia waya, taa ya kijani ilikuwa inawaka. Akaangalia skrini, mashine ilikuwa kwenye Kasi, chipu kubwa iko wazi yote, na hakuwa amegusa kitu. Feni zikashuka, zikashuka, zikasimama. Joto likaanza kupungua kwenye kibodi chini ya kiganja chake, taratibu, kama sufuria iliyoepuliwa.

"Baba?" aliita. "Unamtafuta mama?"

"Hapana," alisema Mzee Njiku. "Nimeacha."

Uani baba mdogo Ighondo, aliyelala hapo tangu kikao na ndiyo kwanza anarudi kutoka msikitini, alipita karibu na dirisha akasimama kusikiliza. Akagonga fremu kwa fimbo yake, ameridhika.

"Unaona, Sikitu?" alisema. "Umeme umerudi na hata hajavuma. Si niliwaambia? Kaka ameridhia."

"Ndiyo, baba mdogo," Sikitu alijibu, akafunga dirisha.